Kuapdeti draiva ya grafiki nyumbani na kufagia mabaki yake: mwongozo kamili

Wiki mbili hizi nimeletewa laptopu tatu, zote ugonjwa mmoja. Mtu kaona gemu linagandaganda au video ya harusi inachukua usiku mzima kutoka, kaambiwa apdeti draiva (ile programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi ya picha), kadaunlodi, kainstoli, skrini ikawa nyeusi au maandishi yakawa makubwa kama ya bango la barabarani, kafuta, karudia, vilevile, mwisho kapanda daladala mpaka Mwanjelwa, hapa Mbeya, na laptopu kwenye begi akaambiwa dawa ni kupiga Windows upya. Mimi mwenyewe yalinikuta zamani, fundi mmoja alinifomatia mashine na picha zote za msiba wa bibi zikaenda, kumbe tatizo lilikuwa la nusu saa tu.

Na kosa ni lilelile kila mara: watu wanaondoa draiva ya zamani huku intaneti iko wazi. Ukishaiondoa tu, Windows inaona kadi haina draiva, inakimbilia mtandaoni kuchukua ya kwake, mara nyingi ya zamani kuliko hiyo unayotaka kuweka, inaanza kuipachika kimyakimya, na muda huohuo na wewe unafungua faili lako. Hapo ni madereva wawili wanagombea usukani mmoja. Kwa hiyo kwenye hatua zote zinazofuata, ile ya kukata intaneti ndo usiiruke hata kama una haraka.

Mwongozo ni wa Windows 10 na 11. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

## Andaa hivi kwanza

Simu yenye mwongozo huu. Kompyuta itakuwa haina mtandao na kuna wakati itakuwa haionyeshi kitu, ukisoma humohumo kwenye kompyuta utakwama katikati.

Bando la kutosha. Mafaili ya draiva za sa hivi za Nvidia na AMD mengi yanapita MB 600, na ya Intel kwa mashine mpya yanaweza kufika GB 1. Kama una bando la usiku, daunlodi usiku, kazi yenyewe fanya asubuhi ukiwa na akili timamu.

Nafasi ya GB 10 kwenye diski C. Faili likifunguliwa linajitawanya, alafu na Windows inatunza nakala yake. Diski ikijaa katikati ya kazi unabaki na draiva nusu.

Flashi ya GB 8 au zaidi, ya kuwekea faili la draiva mpya, na la ile ya zamani kama unalo.

Umeme wa uhakika. Laptopu iwe na chaji zaidi ya nusu NA iwe imechomekwa. Desktopu bila UPS, mi nakushauri usifanye siku ya mawingu mazito. Wa huku mnajua ikifika Desemba mpaka Machi radi ya Uyole haipigi hodi, na umeme ukikatika draiva ikiwa inaandikwa ndo zinazaliwa zile skrini nyeusi.

Neno la siri la Windows, lile refu. PIN yenye tarakimu nne inaweza kugoma ukiingia Safe Mode (hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu), na watu wengi wameshasahau neno lenyewe kwa sababu ya kuzoea PIN. Lijaribu leo.

Ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski. Hapa wengi hawajui kabisa kama diski yao imefungwa. Laptopu nyingi zenye Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft diski inajifunga yenyewe, na ukigusa mambo ya kuwaka inaweza kukuomba namba ya tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, sehemu ya vifaa, utaukuta ufunguo, uandike kwenye karatasi. Sio kwenye kompyuta hiyohiyo jamani.

Muda tenga saa moja na nusu. Ikienda vizuri utamaliza kwa dakika 40.

## Hatua ya 1: Jua una kadi gani, na kama kuna haja

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka nenda "Performance", shuka kushoto mpaka chini uone "GPU 0". Kulia juu kuna jina la kadi, chini kuna namba ya draiva na tarehe yake. Piga picha kwa simu, utaihitaji mwishoni kulinganisha.

Ukiona GPU 0 na GPU 1 ujue una kadi mbili, kwa kawaida Intel au AMD ndogo ya ndani ya prosesa na nyingine kubwa ya Nvidia au AMD. Kila moja ina draiva yake. Usiziguse zote siku moja, ila kama ni lazima anza na ile ndogo ya ndani.

Kama jina ni "Microsoft Basic Display Adapter" maana yake hakuna draiva kabisa, Windows inajikongoja na ya dharura. Hapo bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua "Device Manager", panua "Display adapters", bonyeza kulia kwenye hilo jina, "Properties", kisha "Details", kisha chagua "Hardware Ids". Angalia herufi baada ya VEN: 8086 ni Intel, 10DE ni Nvidia, 1002 ni AMD. Hii haidanganyi hata kama stika ya nje ya laptopu ilibadilishwa huko ilikotoka.

Wenye Nvidia msichanganyikiwe na namba. Windows inaandika kitu kama 31.0.15.3179, Nvidia wenyewe wanaiita 531.79. Chukua tarakimu tano za mwisho, weka nukta kabla ya mbili za mwisho, basi.

Sasa, je kuna haja? Mimi msimamo wangu ni huu: kama mashine inafungua Word, muvi zinacheza, hakuna kinacholalamika, iache. Draiva sio nguo ya sikukuu kwamba lazima iwe mpya. Sababu za kweli ni hizi: programu au gemu limekataa kufunguka likitaja draiva, skrini inapepesa au inatoa mistari, ArchiCAD au programu ya kuediti video inajifunga yenyewe, au mtengenezaji katoa toleo la kuziba tundu la usalama.

Na kuna mashine ambazo hata ukitaka hakuna kipya. Hizi EliteBook na Latitude used zilizojaa kwa wanafunzi wetu, zile zenye Intel HD 4000 au HD 4400, Intel wameshaziacha siku nyingi, draiva uliyonayo ndo hiyohiyo. Kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, kama GTX 660, ziliishia tawi la 470, yaani mfululizo huo wa matoleo ya draiva. Wenye GTX 900 na GTX 1000, toleo la mwisho la magemu lilitoka Oktoba 2025, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu, kila miezi mitatu, mpaka Oktoba 2028. Mtu akikuuzia "draiva mpya kabisa" ya HD 4000 anakuuzia virusi.

Umefanikiwa kama: una picha kwenye simu yenye jina kamili la kadi, namba ya draiva, na unajua kwanini unaapdeti.

## Hatua ya 2: Chukua faili sahihi, mahali sahihi

Kwa desktopu au laptopu ya miaka ya karibuni, nenda tovuti ya mtengenezaji wa kadi: Nvidia, AMD au Intel. Kwa laptopu ya zamani kidogo anza na tovuti ya aliyetengeneza laptopu yenyewe, HP, Dell, Lenovo, ukiweka namba ya modeli, kwa sababu wao waliifanyia marekebisho ili mwanga wa skrini na kulala kwa mashine vifanye kazi. Ukiweka ya Intel moja kwa moja na ikakwambia draiva hii haijathibitishwa kwa kompyuta yako, sikiliza, nenda kwa mtengenezaji wa laptopu.

Achana kabisa na hizi programu zinazojiita za kutafuta draiva zote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Zinakutisha kwamba draiva 27 zimepitwa na wakati, zinakuomba hela, na nyingine zinakuja na matangazo yasiyotoka hata ukiyafukuza kwa fimbo.

Wengi huku tunapeana mafaili kwa flashi ili kuokoa bando, hakuna ubaya, ila kagua. Bonyeza kulia kwenye faili, "Properties", tafuta "Digital Signatures". Lazima uone NVIDIA Corporation, Intel Corporation, Advanced Micro Devices, au kampuni ya laptopu yako, na ukibonyeza "Details" iandike kwamba sahihi iko sawa. Hakuna hiyo sehemu? Futa faili, usibishane nalo.

Wakati bado una mtandao tafuta pia faili la draiva ya zamani, ile namba uliyopiga picha, uweke kwenye flashi. Hii ni kamba yako ya kupandia ukitumbukia.

Umefanikiwa kama: flashi ina mafaili mawili, jipya na la zamani, yote yana sahihi.

## Hatua ya 3: Weka alama ya kurudi

Andika "restore" kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua "Create a restore point". Angalia diski C, mara nyingi utakuta imeandikwa "Off". Bonyeza "Configure", washa, mpe asilimia 5 ya diski, alafu bonyeza "Create" upe jina kama "kabla ya draiva".

Dakika mbili tu. Alama hii haigusi picha wala nyaraka zako, inakumbuka mipangilio na draiva, ndo maana ukiharibu unarudi ulipokuwa asubuhi bila kufomati chochote. Ila mafaili ya maana yanakiliwe nje hata hivyo, mashine ni mashine.

## Hatua ya 4: Kata intaneti, na uizuie Windows isijifanye mjanja

Kata kwelikweli. Desktopu chomoa waya. Laptopu washa "Airplane mode", alafu zima na hotspot ya simu, maana laptopu inaijua simu yako na itajiunga tena ikirestati bila kukuuliza.

Kabla hujaendelea bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "Hardware", kisha "Device Installation Settings", chagua "No", hifadhi. Hapo umeiambia Windows isijichukulie draiva za vifaa yenyewe. Itakupa onyo kwamba kifaa huenda kisifanye kazi vizuri, wewe endelea. Kuna wakati Windows Update inapita juu ya hii, lakini kwa kazi ya leo inatosha.

Kwa nini nasisitiza hivi? Ile laptopu ya tatu niliyoletewa, ya dada mmoja anayeediti video za send-off pale Soweto, alifuata kila kitu kasoro hapa. Alifuta, akarestati, akaenda kuepua chai jikoni, aliporudi akakuta skrini imeshakaa sawa akafurahi kwamba mashine imejiponya. Kumbe Windows ilishaweka ya kwake ya miaka mitatu nyuma. Akaweka mpya juu yake, na programu yake ya video ikawa inakataa kuiona kadi kabisa.

Umefanikiwa kama: ukifungua kivinjari kinakwambia hakuna mtandao, na hata ukirestati bado hakuna.

## Hatua ya 5: Kuinstoli, njia ya kawaida

Kwa watu wengi hii inatosha. Funga programu zote, kopi faili kutoka kwenye flashi liweke Desktop, usiinstoli moja kwa moja kutoka kwenye flashi maana ikichezacheza kidogo tu kazi inakatika.

Nvidia. Fungua faili, litauliza lijifungulie wapi, acha palepale C:\NVIDIA, kumbuka hiyo njia kwa ajili ya kufagia baadaye. Kama lina machaguo mawili chukua la draiva peke yake, programu ya ziada ya Nvidia unaweza kuiweka siku nyingine ukiihitaji. Chagua "Custom", usibonyeze ile ya haraka, alafu tiki "Perform a clean installation". Tiki hiyo inafuta mipangilio ya zamani kabla ya kuweka mpya, kwa hiyo kama uliwahi kuweka rangi za skrini kwa mkono utaziweka tena. Sehemu ya "HD Audio" iache kama unaunganisha TV kwa HDMI, bila hiyo sauti haitoki kwenye TV.

AMD. Kwenye machaguo ya ziada kuna "Factory Reset", ndo ndugu yake na ile ya Nvidia. Aina ya kuinstoli, kama mashine ina RAM ya GB 8 kushuka chini chagua "Driver Only" au "Minimal", ile kamili inakuja na mapambo mengi yanayokula RAM.

Intel. Kabla ya kubonyeza kuanza tafuta pa kubadilisha machaguo, weka tiki ya usafishaji.

Skrini itazima na kuwaka, pengine mara mbili tatu, mara nyingine inakaa nyeusi sekunde kadhaa. Hapa ndo roho inaruka na mtu anashikilia kitufe cha kuzimia. USIFANYE HIVYO. Subiri dakika kumi nzima kwa saa, sio kwa kukadiria. Mashine yenye diski ya zamani, ile ya kuzunguka, ni mzee anayepanda mlima, atafika tu.

Ikimaliza restati hata kama haijakuomba. Kuna mafaili yanabadilishwa wakati wa kuwaka tu.

Umefanikiwa kama: maandishi ni makali, skrini imejaa vizuri, na Task Manager inaonyesha namba mpya tofauti na ile ya kwenye picha.

## Hatua ya 6: Njia nzito, kwa walioshindwa hapo juu tu

Tumia hii ukiwa umebadilisha kadi ya kampuni moja kuwa ya kampuni nyingine, au njia ya kawaida imegoma mara mbili, au umerithi mashine iliyoinstoliwa juu kwa juu miaka yote. Usiifanye kila mwezi kama dawa ya minyoo.

Unahitaji programu ya bure inaitwa Display Driver Uninstaller, wengi wanaiita DDU, inatolewa na Wagnardsoft. Idaunlodi mapema, kabla hujakata intaneti kwenye Hatua ya 4, ifungue kabisa kwenye folda kama C:\DDU kabla hujaingia Safe Mode, sio ubaki unahangaika na faili la zip humo ndani.

Sasa intaneti ikiwa bado imekatwa, shikilia Shift huku unabonyeza "Restart". Utapita "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", alafu bonyeza 4. Kama inaomba ufunguo wa BitLocker, lile karatasi lako ndo saa yake. Ikiomba neno la siri, weka lile refu.

Ndani ya Safe Mode mandhari inakuwa nyeusi na maandishi makubwa, ni kawaida. Fungua DDU, chagua GPU, chagua kampuni. Mwenye kadi mbili awe makini hapa: chagua ile yenye shida tu. Bonyeza "Clean and restart" na uiache.

Itawaka ikiwa na skrini mbaya, picha zimevutwa, kitelezi cha mwanga hakifanyi kazi. Usiogope, hiyo ni dalili nzuri, ndo ile draiva ya dharura ya Windows na maana yake uwanja uko mtupu. Nenda moja kwa moja kwenye Hatua ya 5, intaneti bado imekatwa. Kama skrini imerudi nzuri yenyewe bila wewe kuweka kitu, ujue mtandao ulikuwa wazi mahali fulani, rudia.

## Hatua ya 7: Pima kabla ya kurudisha mtandao

Kwenye Device Manager, chini ya "Display adapters", kusiwe na pembetatu ya njano. Ukiikuta ifungue usome: Code 43 maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa sababu imeripoti tatizo. Mara nyingi draiva haikukaa, lakini kwa kadi used inaweza kuwa kadi yenyewe imechoka.

Cheza video dakika tano. Sogeza mwanga juu chini. Laza laptopu, iamshe. Kama unatumia TV, chomeka HDMI usikilize na sauti. Alafu fungua ile programu iliyokuwa inasumbua, maana ndo sababu ya safari yote. Gemu likikwama kwama dakika za mwanzo usilaumu, hifadhi yake ya muda ilifutika na inajengwa upya.

Sasa rudisha intaneti. Fungua Windows Update, kwenye Windows 11 ingia "Advanced options", kisha "Optional updates", kwenye Windows 10 bonyeza "View optional updates" palepale. Ukiona draiva ya grafiki imelala pale yenye namba ya chini kuliko yako, usiitiki. Subiri kama saa moja ukiwa mtandaoni, angalia tena namba kwenye Task Manager. Kama haijabadilika, umeshinda. Kama imebadilika rudia hatua ya 4 na 5, alafu safari hii bonyeza "Pause updates" ya wiki moja kabla hujarudisha mtandao.

## Hatua ya 8: Kufagia, lakini baada ya wiki

Usifagie siku hiyohiyo. Mabaki ndo njia yako ya kurudi nyuma, na kuna draiva inakuonyesha ubaya wake siku ya nne. Wiki ikipita salama, anza.

Kwanza folda za kufungulia: C:\NVIDIA au C:\AMD. Hizo futa zote, ni maboksi matupu baada ya kutoa friji ndani. Ukizikusanya za apdeti kadhaa zinaweza kuwa GB nyingi tu, na kwenye SSD ya GB 128 hiyo ni nafasi ya kazi za muhula mzima. Lile faili la Desktop nalo futa, nakala unayo kwenye flashi.

Pili, kisanduku cha kutafutia, andika "Disk Cleanup", chagua C, bonyeza "Clean up system files". Tiki "Device driver packages", hizi ni draiva za zamani ambazo Windows inatunza, na "DirectX Shader Cache". Soma kila tiki kabla ya kubonyeza OK. Kama unatumia njia ya Settings, "Storage", "Temporary files", kule kuna tiki ya "Downloads", na kuna watu wameshapoteza risala na vyeti vyao kwa kutiki kila kitu kwa furaha.

Tatu, kwa wasioogopa skrini nyeusi ya amri. Fungua Terminal au Command Prompt kama msimamizi, andika:

pnputil /enum-drivers

Kwenye Windows 11 ongeza /class Display upate za skrini tu. Utaona kila draiva ina jina kama oem23.inf, kampuni na toleo. Ile yenye namba uliyoithibitisha kwamba ni ya zamani, iondoe hivi:

pnputil /delete-driver oem23.inf

Weka namba yako, sio hii ya kwangu! Na usiongeze neno /force hata siku moja. Bila hilo neno Windows itakataa kufuta draiva inayotumika, yaani inakulinda na mkono wako mwenyewe.

Sehemu mbili usiingie na fagio. Folda ya DriverStore iliyo ndani ya System32, usifute kitu humo kwa mkono hata kama umeona ina GB 6, wengi wa skrini nyeusi walianzia pale. Na folda ya Installer2 ndani ya NVIDIA Corporation kwenye Program Files, ukiifuta siku utakapotaka kuondoa draiva itashindwa kujiondoa.

Ukimaliza kufagia fungua Task Manager, "Startup apps", zima vitu vya kadi usivyovitumia, kama cha kurekodi gemu. Draiva haitegemei hivyo.

## Ikikataa kabisa

Skrini nyeusi lakini feni inazunguka: bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Utasikia mlio mfupi, na draiva inaanza upya. Inashangaza mara ngapi hii peke yake inatosha.

Unaona kitu lakini kibovu: Device Manager, bonyeza kulia kwenye kadi, "Properties", "Driver", "Roll Back Driver". Kama kitufe kimefifia, Windows haina ya zamani, basi tumia lile faili la pili kwenye flashi, intaneti ikiwa imekatwa.

Hauoni chochote: zima kwa kushikilia kitufe pale inapoanza kuwaka, fanya hivyo mara tatu mfululizo, Windows itajipeleka yenyewe kwenye ukurasa wa matengenezo. Hiki ndo kisa pekee ambacho nakuruhusu kuzima kwa nguvu. Pale chagua "Advanced options", "Troubleshoot", "Advanced options" tena, kisha "System Restore", chukua alama uliyoiita "kabla ya draiva".

Na kama hata ule ukurasa hauonekani, chomeka laptopu kwenye TV kwa HDMI. TV ikionyesha picha na skrini ya laptopu ikabaki nyeusi, shida sio draiva, ni skrini au waya wake. Hapo sasa panda hiyo daladala ya Mwanjelwa, ila mwambie fundi kabla hajaishika: ni skrini, asifomati.